Sura ya Sita: Mwanga Kidogo, Watu Wengi

Mpigapicha aliyezoea harusi za Dar es Salaam au Dodoma akija Tukuyu hujiandaa kwa giza la ukumbini, la saa tatu usiku. Huku giza linamkuta mapema zaidi, saa nane mchana, kanisani. Mji huu umekaa juu ya mita 1,500, ubavuni mwa Mlima Rungwe ambao kilele chake kinakaribia mita 3,000. Hewa yenye unyevu wa Ziwa Nyasa ikigonga milima hii inapanda, inapoa, inakuwa mawingu, na Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu chache sana za Tanzania hukifikia. Desemba, mwezi ambao ndugu wanarudi kutoka Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko na harusi zinafuatana kila Jumamosi, mvua inakuwa imeshakolea. Hata Juni na Julai, Dodoma ikiwa imekauka, huku kuna manyunyu na ukungu unaoshuka mpaka kwenye migomba.

Ndani ya kanisa la matofali ya kuchoma siku ya namna hiyo, taa mbili tatu zikiwaka juu kwenye kenchi, lenzi iliyouzwa pamoja na kamera inafika mwisho wa uwezo wake. Weka ISO 1600 na tundu la f/5.6, kamera itadai shata ya 1/15 ya sekunde. Kwa mwendo huo bibi harusi akiinua tu mkono kupokea pete, mkono unaacha mkia kwenye picha.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa flashi. Enzi za mkanda, wakati Yashica ndogo yenye flashi yake ndani ilipokuwa mikononi mwa wapigapicha wengi wa mitaani, njia nyingine ilikuwa ngumu kuipata: mkanda wa ISO 100 au 200, picha 36, na flashi inayotazama mbele moja kwa moja. Albamu za wakati ule zinafanana. Maharusi wanang'aa katikati, wapambe wanaonekana vizuri, na nyuma yao ni weusi mtupu. Sababu yake ni ya kifizikia. Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali. Maharusi wakiwa mita 2 kutoka kwenye kamera, mama mzazi aliye mita 4 anapata robo tu ya mwanga wao, na kwaya iliyo mita 8 inapata sehemu moja ya kumi na sita. Ukipima sawa kwa bibi harusi, kwaya nzima imezama.

Na hao waliozama ndio wenye harusi. Harusi ya Kinyakyusa ni mapatano ya koo mbili. Mshenga amekwenda na kurudi, ng'ombe wamehesabiwa, mashangazi wamekaa vikao, kamati imepitisha daftari la michango nyumba kwa nyumba na kwenye kundi la WhatsApp. Bibi aliyetoka Mwakaleli alfajiri kwa gari la kubanana, akakaa benchi la tatu na kitenge chake kipya, amekuja ili aonekane kuwa alikuwepo. Miaka 20 baadaye, wajukuu wakifungua albamu, watamtafuta yeye kwanza kuliko keki.

Kwa hiyo kila ushauri wa lenzi na mbinu katika sura hii umechujwa kwa swali moja: je, watu walio nyuma ya maharusi wanabaki? Flashi ya moja kwa moja inawapoteza kwa giza. Lakini iko njia ya pili ya kuwapoteza, ambayo siku hizi inapendwa na inauzwa kama ufundi, nayo ni lenzi iliyofunguliwa mno mpaka kila kilicho nyuma kimekuwa ukungu. Zote mbili nazipinga kwa sababu ileile.

Namba iliyo mdomoni mwa lenzi

Geuza lenzi yako uitazame usoni. Kwenye duara la mbele utaona maandishi kama 1:3.5-5.6 au 1:1.8. Hiyo ndiyo namba ya f, na ndiyo inayoamua kama utafanya kazi kanisani au utahangaika. Inapatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa lenzi kwa kipenyo cha tundu lake. Lenzi ya milimita 50 ikifunguka tundu la milimita 25 ni f/2. Ikifunguka karibu milimita 28 ni f/1.8. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ngazi yake inakwenda 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, na kila hatua unayoshuka kuelekea namba ndogo inaongeza mwanga maradufu.

Fanya hesabu ya kanisa letu. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 ni hatua mbili, yaani mwanga mara nne: 1/15 inakuwa 1/60. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 ni karibu mara kumi: 1/15 inapita 1/125, na mkono wa bibi harusi umetulia bila ISO kupanda hata kidogo. Hakuna kamera mpya itakayokupa faida hiyo kwa bei ya lenzi moja ndogo. Ni kweli vihisio vya kamera vimepiga hatua kubwa. Nikon D3 ya mwaka 2007 iliwafanya wapigapicha wa magazeti na harusi waanze kuiamini ISO 6400, jambo ambalo zamani lilikuwa ndoto. Lakini mwenye kamera ya kawaida na lenzi ya f/1.8 anamshinda mwenye kamera ya bei mbaya na lenzi ya f/5.6 kila Jumamosi ya mawingu.

Upo mfano mkubwa kuliko yote wa kufuata mwanga kwa tundu. Stanley Kubrick alipotengeneza filamu ya Barry Lyndon, iliyotoka mwaka 1975, alitaka vyumba vimulikwe kwa mishumaa. Akatumia lenzi za Zeiss za milimita 50 zenye f/0.7, zilizoundwa awali kwa ajili ya NASA. Mishumaa ikaonekana, nyuso zikaonekana. Gharama yake ikawa ni fokasi: eneo lililo wazi lilikuwa jembamba kiasi kwamba waigizaji ilibidi watulie karibu bila kusogea. Waigizaji hulipwa watulie. Bibi harusi anayeingia kanisani huku mashangazi wakipiga vigelegele hawezi, na hapaswi, kutulia.

Huo wembamba una vipimo. Lenzi ya milimita 85 kwa f/1.8 kwenye kamera ya kihisio kikubwa (full frame), ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu, inakupa kama sentimita 6 tu zilizo wazi. Jicho liko wazi, sikio limeanza kulegea, na mpambe aliyesimama hatua moja nyuma hana sura. Lenzi ya milimita 35 kwa f/2, ukiwa mita 3, inakupa karibu sentimita 90: maharusi wote wawili, mkono wa mchungaji, na nyuma yao wapambe ambao bado mtu anaweza kuwataja kwa majina.

Sasa uamuzi. Kama kamera yako ni ya kihisio kidogo (APS-C), kama zilivyo nyingi mikononi mwa vijana wanaoanza, anza na 35mm f/1.8. Nikon wanayo ya kamera hizo tangu 2009, nyepesi na ya bei ya chini. Wengi hukimbilia 50mm f/1.8 kwa sababu ndiyo inayosifiwa na ndiyo rahisi zaidi sokoni. Canon walitoa toleo la STM mwaka 2015, na Yongnuo wa China wana yao inayofanana na ile ya Canon. Ni lenzi nzuri. Ila kwenye kihisio kidogo inaona kama lenzi ya 75 au 80, na katika kanisa la kijijini utajikuta mgongo umegusa ukuta na bado maharusi wamejaa fremu, wazazi wako nje. Kwenye kamera ya kihisio kikubwa 50 inakaa vizuri. Kwenye ndogo, iwe lenzi ya pili.

85mm f/1.8 iwe ya tatu, kwa machozi ya mama na tabasamu la bwana harusi shela likifunuliwa. Zipo saa zake, nazo ni chache. Lenzi ya kuvuta ya 24-70 f/2.8 ndiyo mtumishi wa kila kazi, lakini ni nzito, bei yake inafikia bei ya kamera na kupita, na bado inaingiza mwanga pungufu ya nusu ya ule wa f/1.8. Mwenye kihisio kidogo anayetaka lenzi moja tu ya kuvuta aitafute Sigma 18-35 f/1.8, iliyotoka mwaka 2013, lenzi ya kwanza ya kuvuta ya kamera za namna hiyo kushika f/1.8 mwanzo hadi mwisho. Ile ndefu ya 70-200 f/2.8 usiinunue mwanzoni. Azima au kodi siku utakapoambiwa usivuke benchi la mbele.

Neno moja kuhusu lenzi zenye kuzuia mtikisiko. Zinatuliza mikono yako tu. Anayecheza anaendelea kucheza, na picha yake itavurugika vilevile kama shata ni ya polepole.

Kanisani

Wamoravia walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa Berlin wakaja miaka hiyohiyo, na wilaya hii ina makanisa ya kila umri na kila ukubwa. Nenda siku moja kabla, saa ileile ya ibada. Uliza mambo mawili kwa mchungaji au mzee wa kanisa: je, flashi inaruhusiwa wakati wa viapo, na mpigapicha anaweza kusimama wapi? Wachungaji wengi hukasirishwa na mpigapicha asiyeuliza kuliko na flashi yenyewe. Kisha omba jambo la tatu, ambalo ni dogo na lina faida kuliko lenzi yoyote: mlango wa upande uachwe wazi.

Mlango ulio wazi siku ya mawingu ni taa kubwa, laini, isiyolipiwa. Simama pale maharusi watakaposimama, utazame ni shavu lipi linapata mwanga. Kama wanaelekea madhabahuni na mlango uko kushoto kwao, nafasi yako ni kulia mbele, ili upande wa uso ulio karibu nawe uwe na kivuli kidogo na ule wa mbali uwe na nuru. Hapo nyuso zinapata umbo. Ukisimama upande wa mlango, mgongo kwenye nuru, utapata picha angavu zaidi lakini nyuso zitakuwa bapa.

Tazama tukio la pete kwa karibu. Mchungaji ameshika kitabu, kurasa nyeupe zinarudisha mwanga kidogo kuelekea kidevu cha bibi harusi. Gauni ni jeupe. Suti ya bwana ni nyeusi. Nyuso ni za maji ya kunde na nyeusi, paji la uso lina jasho jembamba. Kamera ikiachwa ijipimie, inachukulia kwamba wastani wa kila inachokiona ni kijivu. Gauni likijaa fremu, kamera inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na nyuso zinazama. Suti ikijaa fremu, inafanya kinyume chake, na gauni linaungua mpaka nakshi zake zimepotea. Kati ya gauni na uso mweusi tofauti inaweza kufika hatua tatu au zaidi.

Tatizo hili lina historia yake, na si sisi tulioianzisha. Kwa miongo kadhaa Kodak walizipatia maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Picha ikitoka sawa kwake, ilihesabiwa kuwa sawa kwa wote. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 2009, ameonyesha kwamba msukumo mmojawapo wa kuboresha mkanda ulitoka kwa kampuni za chokoleti na za samani za mbao, zilizolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitoki vizuri. Nyuso za watu weusi zilikuwa zikizama miaka yote hiyo. Ndiyo maana namwomba kila kijana anayeshika kamera Rungwe asiuache uso uamuliwe na mashine.

Fanya hivi. Weka kamera kwenye hali ya mkono. Pima kwa nukta moja, nukta hiyo uiweke kwenye shavu lenye mwanga. Uso mweusi ukiupima kuwa kijivu cha kati utatoka mweupe kuliko ulivyo. Shuka nusu hatua au hatua moja, kulingana na mtu mwenyewe. Washa alama ile inayometameta kwenye kioo pale sehemu inapoungua, uangalie gauni. Nakshi za kifuani zikianza kumetameta, punguza kidogo sana, usipunguze zaidi. Piga RAW, ili ushuke gauni na kuinua nyuso nyumbani bila kuivunja picha. Na usiogope ISO 3200 au 6400. Chenga, zile punje zinazochafua picha ya ISO ya juu, hukaa kwenye giza. Picha iliyopata mwanga wa kutosha kwa ISO 3200 ni safi kuliko ya ISO 800 iliyopigwa gizani ikainuliwa baadaye kwenye kompyuta, na zitakapojitokeza chenga hizo zitakaa juu ya nyuso nyeusi hasa. Wala usimfanye mtu mweupe wakati wa kusafisha picha. Mama akiiona picha amtambue mwanaye.

Maharusi wakiwa wamesimama, 1/100 inatosha. Wakitembea, 1/200 au zaidi. Hapo kuna mtego wa umeme. Umeme wetu ni wa herizi 50, kwa hiyo taa nyingi za mirija na zile za LED za bei ndogo hupigapiga mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukitumia shata ya kasi, picha moja inatoka angavu na inayofuata imefifia au ina mistari. Chini ya taa hizo kaa kwenye 1/100 au 1/50. Wenye kamera mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) wasihadaike na shata ya kimya ya kielektroniki. Ni adabu nzuri wakati wa sala, lakini ndiyo inayozidisha mistari hiyo. Ijaribu siku ile ya ukaguzi.

Fokasi nayo husitasita gizani. Tumia nukta ya katikati, ambayo kwenye kamera nyingi za kioo ndiyo kali kuliko nyingine, na uielekeze mahali penye mpaka mkali: ukingo wa shela juu ya nywele, kola ya shati kwenye shingo. Katikati ya shavu laini kamera haina cha kushika.

Nje

Wingu la Tukuyu, linaloudhi ndani, ni rafiki nje. Halitupi vivuli vikali chini ya macho. Manyunyu yakianza, wapange watu kwenye kibaraza cha kanisa, wao ndani ya ukingo wa paa, wewe nje chini ya mwavuli. Anga lote linawamulika. Hapo ndipo pa kumaliza picha za koo kwa f/4 au f/5.6, maana safu mbili za watu haziwezi kuwa wazi kwa f/1.8. Ukiahirisha picha hizo mpaka ukumbini, umezikosa.

Kwenye mashamba ya chai ya Katumba kuna nafasi na anga. Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira ni zuri, lakini ni bondeni na miti inafunika, kwa hiyo mwanga unaondoka mapema kuliko saa inavyoonyesha. Kwa ujumla jua la hapa linatua zaidi ya dakika 20 nyuma ya lile la Dar es Salaam: Juni kama saa kumi na mbili na nusu jioni, mwisho wa Desemba kama saa moja. Ratiba ya harusi ikichelewa, na huchelewa, dakika hizo ndizo zitakazokuokoa.

Ukumbini

Ukumbini mwanga unaweza kuwa mwingi na picha bado ikaharibika, kwa sababu ya rangi. Taa za LED zinazozungushwa jukwaani hupenda zambarau, na zambarau ile imetengenezwa kwa nyekundu na bluu bila kijani. Vihisio vya kamera nyingi vinafuata mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976, ambamo nusu ya pikseli huona kijani. Chini ya taa ya zambarau nusu hiyo inakaa karibu bila kazi. Uso unatoka bapa, mdomo na shavu vina rangi moja, na hakuna programu itakayorudisha kitu ambacho hakikuingia. Picha ya namna hiyo igeuze nyeusi na nyeupe, uendelee.

Dawa yake ni mazungumzo kabla ya sherehe. Mtafute MC na mtu wa mataa wakiwa bado wanafunga nyaya. Waambie nyakati zako: kuingia maharusi, kukata na kulishana keki, wazazi kusimama, zawadi. Nyakati hizo taa ziwe nyeupe na zisitembee. Wakati wa kuserebuka wafanye wapendavyo. Zungumza pia na mtu wa video. Taa yake ikiwa juu ya kamera yake na wewe umesimama ubavuni pake, nyote mnapata nyuso bapa. Ukisimama pembeni yake kwa pembe nzuri, taa yake inakuwa taa yako ya upande. Hakuna sababu ya kusukumana naye mbele ya keki.

Flashi bado ina kazi ukumbini, ila isitawale. Anza kwa kuupima ukumbi wenyewe, kwa mfano ISO 3200, f/2.8, 1/60, mpaka meza za nyuma zionekane kwenye picha bila flashi kabisa. Kisha ongeza flashi kwa nguvu ndogo, inayotosha kusafisha nyuso za mbele tu. Ielekeze juu au nyuma yako, mwanga ugonge na kurudi. Lakini tazama unagonga nini. Wapambaji wakiwa wametandaza vitambaa vya dhahabu au zambarau darini, mwanga utarudi na rangi ya kitambaa. Ukumbi usio na dari utaula mwanga wote, upotelee kwenye kenchi na mabati. Pale ugonge ukuta mweupe wa pembeni, au mwombe msaidizi aliyevaa shati jeupe asimame ubavuni mwako. Mwenye flashi mbili na vifaa vya kuziwasha kwa redio aziweke juu ya vyuma kwenye pembe mbili za ukumbi. Hapo mama aliye meza ya sita anapata mwanga karibu sawa na bibi harusi.

Saa ya zawadi ndiyo kilele cha sura hii. Msururu wa kina mama unaingia mlangoni ukicheza, vitenge vimefanana, mabegani wana mablanketi, vichwani sufuria na mabeseni, noti zimeshikwa kwa vidole viwili tayari kwa kutunza. Rudi nyuma. Weka 35mm au pana zaidi, f/2.8, inama kidogo ili walio nyuma waonekane kati ya mabega ya walio mbele. Piga kadhaa kwa 1/200 kwa ajili ya nyuso. Kisha shusha shata hadi 1/30, flashi iwake mwishoni mwa shata, na mwili wa mchezaji utaacha mstari wa mwendo nyuma yake huku uso ukibaki wazi. Umeme ukikatika katikati ya msururu, na jenereta haijawaka, taa za simu zitawaka meza zote. Usiiweke kamera chini. ISO 6400, f/1.8, endelea.

Unyevu

Hatari moja ni ya hapa hasa. Jioni ya Julai ukitoka nje kwenye baridi na kuingia ukumbi uliojaa watu, lenzi inatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Usiifute kwa shati. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto polepole, kwa hiyo begi liingie ukumbini kabla ya maharusi. Na lenzi ikikaa miezi ya mvua kwenye begi la kitambaa chini ya kitanda, kuvu linaota ndani ya vioo, nyuzi nyembamba zenye matawi. Kuvu hilo hulioni kwenye picha za mchana. Unaliona ukumbini, kila taa ikizungukwa na utando mweupe. Hifadhi lenzi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika, na uvikaushe vikishiba maji. Ukinunua lenzi iliyotumika, iwe Kariakoo au kwa rafiki, fungua tundu lote, mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma na utazame kwa mshazari. Ukiona nyuzi, iache, hata bei iwe nzuri kiasi gani.

Maneno ya mwisho ni kwa kamati za harusi, maana mpigapicha peke yake hafiki mbali. Kwenye kikao cha bajeti, mkishamaliza chakula, keki na ukumbi, wekeni fungu la taa mbili nyeupe zinazotazama jukwaa na meza za wazazi. Mwiteni mpigapicha kwenye kikao kimoja, akae na MC na mpambaji. Mpeni majina ya wazee ambao lazima waonekane, na mtu wa kumwonyesha wamekaa wapi.